Je, Wajua? Klorini Inayojificha Kwenye Pamba, Mafuta na Samaki wa Simiyu

Je, wajua kwamba nusu ya uzito wa DDT ni klorini? Molekuli moja ya sumu hiyo ina atomi 5 za klorini, na ukipiga hesabu unapata asilimia 50. Endosulfani, iliyopuliziwa pamba ya Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, ina atomi 6 za klorini, ambazo ni asilimia 52 ya uzito wake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama sumu za aina hiyo zimebaki kwenye mbegu za pamba za Bariadi, kwenye mafuta yaliyokamuliwa Maswa au kwenye sangara wa Lamadi anaweza kuanza na swali moja tu: humu ndani mna klorini kiasi gani? Swali hilo hujibiwa kwa umeme.

Umeme unahesabuje atomi? Sampuli ya miligramu chache inachomwa ndani ya bomba la kwatsi, kwenye tanuru lenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, huku oksijeni ikipita. Kaboni inageuka kuwa kaboni dayoksaidi, haidrojeni inakuwa maji, na klorini iliyokuwa imeshikamana na kaboni inatoka ikiwa gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo inakaushwa kwa kupitishwa kwenye asidi ya salfuriki, kisha inaingia kwenye chombo kidogo chenye asidi ya asetiki na ioni chache mno za fedha. Kloridi ikikutana na fedha hushikana nayo papo hapo na kuwa fedha kloridi, unga mweupe usioyeyuka kirahisi. Ioni za fedha zikipungua, elektrodi inahisi badiliko la volti. Hapo mashine hupitisha mkondo kwenye kipande cha fedha ili kiachie ioni nyingine, mpaka hali irudi ilivyokuwa. Umeme uliotumika kuzirudisha ndio jibu, kwa sababu kila atomi ya klorini imegharimu elektroni moja. Haipungui wala haizidi.

Kanuni hiyo ni ya Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza aliyeanza maisha kwa kujifunza kujalidi vitabu. Sheria zake za uchanguzi kwa umeme zilichapishwa katika miaka ya 1833 na 1834. Namba inayobeba jina lake, kulombi 96,485 kwa kila moli ya elektroni, ndiyo inayogeuza umeme kuwa uzito. Mikrogramu 1 ya klorini ni milikulombi 2.72. Uzuri wake ni kwamba mpimaji hategemei rangi ya kimiminika wala macho yake. Anahesabu elektroni, na njia hiyo huitwa kulometri.

Je, wajua mbinu hiyo ya kuzalisha kitendanishi kwa umeme humo humo ndani ya chombo ilibuniwa Hungaria? László Szebellédy na Zoltán Somogyi waliichapisha mwaka 1938.

Sehemu 1 kwa milioni ni kipimo kinachotajwa sana bila watu kukiona. Ni gramu 1 ndani ya tani 1. Fuso lililopakia tani 10 za pamba mbegu kutoka Itilima, likiwa na DDT kwa kiwango hicho, limebeba gramu 10 za sumu, takriban vijiko viwili vya chai vilivyosambazwa kwenye shehena nzima. Bado kwa mashine ya kulometri hicho ni kiwango kikubwa.

Sasa tuje kwenye samaki, maana hapa pana habari nzito. Mwaka 2006 L. Henry na M. A. Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa sato na sangara wa kusini mwa Ziwa Viktoria, ukanda ule ule ambao Mto Simiyu unamwaga maji yake. Walitafuta mabaki ya viuatilifu 64. Kwenye minofu walikuta endosulfani hadi miligramu 0.2 kwa kilo, na DDT hadi miligramu 0.03 kwa kilo. Viwango hivyo havikuvuka kile ambacho mtu anaweza kula kila siku bila madhara, na ni haki kulisema hilo wazi ili mvuvi wa Busega asiharibiwe soko lake bure. Lakini waliona jambo jingine. DDT yenyewe ilikuwa nyingi kuliko mabaki ya kuoza kwake, na endosulfani ilikuwa nyingi kuliko salfeti inayotokana na kuoza kwake. Maana yake sumu hiyo haikuwa ya enzi za zamani. Ilikuwa imeingia ziwani karibuni.

Chukua gramu 10 za mnofu wa aina hiyo wenye endosulfani nyingi kabisa waliyoikuta. Klorini iliyomo kwenye sumu hiyo ni kama mikrogramu 1. Kuihesabu kunahitaji mkondo wa miliampea 1 kwa sekunde zisizofika 3.

Lakini je, wajua kwamba mnofu huo huo una klorini mara maelfu zaidi ambayo haina kosa lolote? Ni kloridi ya chumvi, iliyomo kwenye damu na nyama ya kila kiumbe. Ukichoma samaki mzimamzima na kuhesabu, utakuwa umepima chumvi. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya kuwasha tanuru. Nyama inasagwa, mafuta yake yananyonywa kwa heksani, na heksani inaoshwa kwa maji safi. Chumvi haiyeyuki kwenye heksani, bali DDT na endosulfani huyeyuka vizuri. Kinachobaki ni klorini iliyofungwa kwenye kaboni, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Maji ya mto hufanyiwa njia nyingine: yanapitishwa kwenye mkaa ulioamilishwa, mkaa unaoshwa kwa myeyusho wa nitrati ili kloridi ya kawaida iondoke, kisha mkaa wenyewe ndio unaochomwa. Utaratibu huo umo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 9562, na hutumika kuanzia mikrogramu 10 kwa lita.

Jasho lenye chumvi la kidole kimoja linatosha kuharibu siku nzima ya kazi ya maabara. Wapimaji huvaa glavu, na kabla ya sampuli huchoma chombo kitupu ili kujua klorini inayotoka kwao wenyewe.

Na jasho hilo hilo, hospitalini, hupimwa kloridi kwa fedha na umeme ili kutambua ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi. Mashine iliyorahisisha kazi hiyo ilielezwa mwaka 1958 na Ernest Cotlove na wenzake huko Marekani. Kloridi inayofika milimoli 60 kwa lita ya jasho ni dalili ya ugonjwa.

Kwa nini Simiyu? Mkoa huu ulizaliwa rasmi mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba hupuliziwa dawa dhidi ya funza wa vitumba na wadudu wengine katika miezi ile ile ambayo mvua inanyesha. Mto Simiyu na tawi lake la Duma hukusanya maji ya mashamba hayo na kuyapeleka Ghuba ya Speke. Hakuna ukuta kati ya shamba na ziwa. Mbegu nazo haziishii kiwandani: baada ya pamba kuchambuliwa, mbegu hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu huliwa na ng'ombe. Sumu zenye klorini nyingi hupenda mafuta. Zikiwa kwenye mashudu zinaweza kuishia kwenye maziwa.

Wajua yaliyotokea mwaka 1999? Watu waliokuwa wakivua kwa sumu upande wa Uganda waliifanya Jumuiya ya Ulaya ipige marufuku samaki wa Ziwa Viktoria, wa Tanzania na Kenya pia. Endosulfani ilikuwa miongoni mwa sumu zilizotajwa. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipata hasara bila mvuvi wa Tanzania kuwa chanzo cha tuhuma. Nchi isiyoweza kuonyesha vipimo vyake yenyewe haina cha kujitetea nacho mbele ya mnunuzi, na leo maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi ni sehemu ya utetezi huo.

Endosulfani iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kuondoa sumu zinazodumu muda mrefu. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004.

Vipi ekapaki ya leo, yaani chupa ya dawa ya pamba ya kutosha ekari moja? Nayo ina klorini, ila kidogo. Sapamethrini ina atomi 2 za klorini, asilimia 17 ya uzito wake. Lambda-saihalothrini ina atomi 1, kama asilimia 8. Hizi huoza upesi kuliko ndugu zao wa zamani, ingawa samaki huuawa nazo kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo kuosha bomba la kupulizia mtoni ni kosa lile lile. Klorpairifosi ina atomi 3, na mwaka 2025 nayo iliongezwa kwenye orodha ya Stockholm.

Hapa ndipo udhaifu wa kipimo hiki unapoonekana, na msomaji asifichwe. Mashine inatoa jumla tu. Haijui kama klorini imetoka kwa DDT au kwa sapamethrini. Zaidi ya hapo, fedha hushika pia bromini na iodini. Profenofosi, dawa nyingine ya pamba, ina klorini 1 na bromini 1 kwenye molekuli. Mashine itazihesabu zote mbili kana kwamba ni klorini. Ndiyo sababu majibu huandikwa "kama klorini". Ugunduzi ule wa Henry na Kishimba, kwamba DDT ilikuwa mpya, ulipatikana kwa kutenganisha kila kiambato kimoja kimoja kwa kromatografia ya gesi. Jumla peke yake isingewaambia hivyo.

Basi mbona tusitumie kromatografia tu? Gharama. Kromatografia inahitaji vielelezo safi vya kila sumu inayotafutwa, gesi za bei na mtaalamu wa kuisoma, na sumu usiyoitafuta haikutokei. Kipimo cha jumla ni chujio la mwanzo. Sampuli 100 za mafuta ya pamba zikipita humo na 90 zikatoka bila klorini ya maana, unabaki na 10 za kupeleka kwenye mashine ya gharama. Kwa mkoa wenye viwanda vingi vidogo vya kukamua mafuta, mimi naona huu ndio mpango wenye akili.

Njia hizo mbili zilishawahi kuunganishwa. Mwaka 1960 Dale Coulson na Leonard Cavanagh huko California walielezea kipimo cha kloridi kinachojiendesha, ambacho kilifungwa mwishoni mwa kromatografia: kila sumu inatoka kwa zamu yake, inachomwa, na klorini yake inahesabiwa kwa umeme. Miaka michache kabla, mwaka 1957, James Lovelock alikuwa ametengeneza kigunduzi kinachonasa elektroni, ambacho kiliona mabaki ya DDT kwa viwango ambavyo hakuna aliyeweza kuviona kabla yake.

Je, wajua kwamba si kila klorini iliyofungwa kwenye kaboni ni ya kiwandani? Mmea wa njegere hutengeneza homoni yake ya ukuaji yenye klorini. Griseofulvini, dawa ya mashilingi wanayopewa watoto, hutengenezwa na ukungu, nayo ina atomi 1 ya klorini. Udongo wenye majani yanayooza hujitengenezea klorini ya kikaboni. Hivyo sifuri kamili haipatikani popote, na mpimaji mzuri huchukua pia sampuli ya mahali pasipopuliziwa dawa, apate cha kulinganisha.

Mahali pa kulinganishia Simiyu inapo. Meatu kuna pamba ya kilimo hai, chini ya mradi wa bioRe, tangu mwaka 1994. Wakulima wake hawatumii viuatilifu vya kiwandani. Huzungusha mazao na kupanda alizeti kando ya pamba ili kuwavuta wadudu. Na kitambaa cha pamba hai kinachotaka cheti cha kimataifa cha GOTS hakiruhusiwi kung'arishwa kwa klorini.

Maji ya bomba je? Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za Simiyu unafadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Maji ya ziwa lazima yatiwe klorini. Mwaka 1974 Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea ndani ya maji hutengeneza klorofomu. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.3 kwa lita, na mkaa pamoja na kulometri hukamata jumla ya familia hiyo yote. Tahadhari: hii si sababu ya kukimbia maji yenye dawa. Kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Tiba ni kuchuja maji vizuri kwanza, kisha kutia klorini.

Floridi, inayosumbua visima vya baadhi ya vijiji vya Meatu na Maswa, haionekani kabisa kwa fedha, kwa sababu fedha floridi huyeyuka majini. Hiyo ina elektrodi yake ya lanthanamu floridi, iliyobuniwa na Martin Frant na James Ross mwaka 1966.

Mafuta ya transfoma nayo yana historia yake. Transfoma za zamani zilijazwa mafuta yenye PCB, kemikali za klorini zisizoungua kirahisi. Mafuta ya PCB yaliyoitwa Aroclor yalibeba siri ndani ya namba: Aroclor 1254 ina klorini asilimia 54, Aroclor 1260 ina asilimia 60. Leo fundi anaweza kuyapima palepale chini ya nguzo. Anachanganya mafuta kidogo na sodiamu, sodiamu inaing'oa klorini kutoka kwenye kaboni na kuifanya kloridi, kisha elektrodi inayotambua kloridi inasoma kiwango kwa dakika chache. Afrika Mashariki kumeripotiwa wezi wanaonyonya mafuta ya transfoma na kuyauza ya kukaangia chipsi. Anayeyanunua hajui anachokula. Mkataba wa Stockholm unataka vifaa vyenye PCB viwe vimeacha kutumika kufikia 2025, na taka zake zishughulikiwe kufikia 2028.

Kanuni ya sodiamu ni ya kale. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaijua kama jaribio la Lassaigne, la mwaka 1843.

Hata mafuta ghafi hupimwa klorini. Aprili 2019 bomba la Druzhba, linalopeleka mafuta ya Urusi Ulaya, lilisimamishwa baada ya kukutwa klorini ya kikaboni mara nyingi juu ya kikomo cha sehemu 10 kwa milioni. Klorini hiyo ikipashwa joto kiwandani huzaa asidi inayokula chuma. Bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, halikatizi Simiyu ila linapita jirani zetu wa Shinyanga, na nalo litahitaji kipimo hicho.

Mwaka 1872 Friedrich Beilstein alionyesha njia ya haraka: waya wa shaba wenye sampuli ukiwekwa kwenye moto hutoa mwali wa kijani ikiwa pana klorini. Walimu wa Bariadi, ifanyeni nje au mahali penye hewa nyingi, kwa chembe ndogo sana, na kamwe msichome viuatilifu vyenyewe. Moshi wake ni sumu.

Je, wajua nani anasimamia haya? Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Bodi ya Pamba iko na wakulima kila msimu. Watu wapo. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima kila msimu na kuwaonyesha wananchi namba.

Nawaomba viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, na wenye viwanda vya mafuta wa Bariadi, Maswa na Meatu: kila msimu wa ununuzi pelekeni sampuli za mbegu, mafuta na mashudu zikapimwe, na majibu yabandikwe ukutani pale mkulima anapouzia pamba. Nawe mkulima, chupa ya dawa ikiisha isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba la kupulizia, kisha itoboe chupa. Isiuzwe sokoni kubebea maziwa.